Dubwana Lililofiwa na Mtu Wake

Kwa zaidi ya miaka ishirini dubwana liitwalo Flattus Maximus lilikuwa likipanda jukwaani na gitaa la umeme, na muda wote huo watu walikuwa wakipokezana ndani yake. Huyu akiondoka, yule anavaa. Vichwa viwili vya dinosaria vilibaki palepale mabegani, manywele yakamwagika mgongoni vilevile, na ukumbi ukapiga kelele zilezile. Ukikata tiketi hukuwa unamfuata fulani bin fulani. Ulikwenda kumwona Flattus.

Bendi yenyewe inaitwa GWAR. Ilizaliwa mwaka 1984 mjini Richmond, Virginia, nchini Marekani, ndani ya jengo lililokuwa kiwanda cha maziwa. Jengo lile lina minara ya pembeni yenye umbo la chupa za maziwa, kubwa za kutisha, kwa hiyo hata kabla ya madubwana kuingia mahali penyewe palikuwa na kichaa chake. Wasanii vijana walikuwa na karakana zao humo. Mmoja wao, Hunter Jackson, alikuwa akitengeneza maleba ya filamu aliyotaka kuipiga kuhusu wababe wa anga za juu. Jirani yake Dave Brockie alikuwa na bendi ya panki, Death Piggy. Brockie akaazima yale maleba kwa utani: bendi yake ikawa inajitangulia yenyewe. Walitoka kwanza wamevaa kama washenzi wa sayari nyingine, wakafanya fujo yao, kisha wakavua na kurudi kupiga nyimbo zao halisi. Kumbe watu wakawa wanaondoka washenzi wakishashuka. Utani ukaila bendi.

Hadithi waliyojitungia ni hii. Wao ni askari wa kutumwa wa bwana mmoja mkubwa wa ulimwengu. Walimkosea, akawatupa duniani na kuwagandisha kwenye barafu ya Antaktika. Wakalala humo miaka na miaka. Kilichowayeyusha ni dawa ya kupuliza nywele: bendi za roki za miaka ya 1980 zilijipuliza mno hadi tabaka la ozoni likatoboka, jua likapenya, barafu ikaachia. Hapo nacheka kila mara. Ni tusi la kitaalamu kabisa kwa washindani wao wa kibiashara.

Kila mmoja na jina lake. Oderus Urungus ndiye mwimbaji, na huyo alikuwa Brockie mwenyewe. Balsac the Jaws of Death yuko kwenye gitaa la pili, na uso wake ni mtego wa chuma wenye meno, ule wa kutegea dubu. Beefcake the Mighty anapiga besi, Jizmak Da Gusha yuko kwenye ngoma. Flattus ni wa gitaa la solo. Jina lake limetokana na ushuzi, na silaha yake kubwa vitani ni hiyohiyo. Sikuliandika hilo kwenye aya ya kwanza kwa makusudi, nilitaka ufike hapa.

Mimi kazi yangu ni kuhariri video za harusi. Mchana na usiku natazama watu waliovaa mavazi mazito kuliko uwezo wa miili yao, wanatoka jasho, wanatabasamu, wanasubiri mpiga picha aseme basi. Labda ndiyo maana bendi ya namna hii imenikaa. Kompyuta ikiwa inasaga kazi ya mteja, mimi huvaa vipokea sauti na kutazama maonyesho ya zamani ya metali, yaani roki nzito ya magitaa makali. Usiku mmoja mama mkwe wangu, aliyekuwa amekuja kukaa nasi, alipita sebuleni akielekea kunywa maji, akasimama nyuma yangu.

"Baba, ndiyo nini hicho?"

"Muziki, mama. Wamarekani hao, wanaigiza tu."

Nilidhani ataomba niuzime. Akavuta kiti, akajitanda kanga vizuri, akatazama. Flattus alikuwa mbele kabisa ya jukwaa, ameinamisha kichwa, solo inatoka.

"Anapumuaje humo ndani?"

"Sijui anavumiliaje, mama. Ni joto sana."

"Na akibanwa na haja?"

Nikacheka, yeye hakucheka. Alikuwa anauliza kweli. Akatazama tena kidogo, akasema "makubwa haya," akaenda zake kulala. Tangu siku hiyo kila nikimwona dubwana jukwaani naanza na maswali ya mama mkwe. Ni maswali ya fundi. Wachambuzi wa muziki huandika kurasa nyingi kuhusu kejeli na siasa za GWAR, na hawafiki kwenye joto wala haja.

Maleba yale wanayatengeneza wenyewe kwenye karakana yao, ambayo ndiyo makao ya kundi zima. Wamo wanamuziki na wamo wachongaji, washonaji, wapaka rangi na watu wa kuigiza majitu yanayokuja kuchinjwa katikati ya wimbo. Vazi ni la sponji, mpira wa lateksi na plastiki ngumu. Sponji hunywa jasho. Lateksi haipitishi hewa. Ongeza taa za jukwaani, ongeza kuruka kwa saa nzima na zaidi, halafu ongeza kimiminika.

Kimiminika ndicho kinachowapa umaarufu. Kila onyesho sanamu za watu mashuhuri hukatwa vichwa, marais wa Marekani wa vyama vyote wakiwamo, na kutoka kwenye shingo zao hufyatuka damu ya bandia kwa mabomba hadi katikati ya ukumbi. Mashabiki huja na fulana nyeupe makusudi ili waondoke nazo zimechafuka. Fulana iliyobaki nyeupe ni ushahidi kwamba ulisimama nyuma. Ile damu ni maji na rangi ya chakula, na ili isiwe nyepesi kama juisi huongezwa karaginani, unga mzito unaotokana na mwani. Nilipojua hilo niliiweka kompyuta pembeni. Mwani wa kutengenezea karaginani ndio ule ule unaofungwa kwenye kamba maji yakikupwa pale Paje na Jambiani, zao lililoanza kulimwa Zanzibar kibiashara mwaka 1989 na linaloshikiliwa zaidi na akina mama. Wenyewe huuza mkavu kwa kilo, kwa bei ambayo hawajawahi kuridhika nayo, na mzigo huondoka kwenda viwandani nje ya nchi. Dunia huula kwenye dawa ya meno na aiskrimu. Kumbe kuna mahali pia hugeuka damu ya rais.

Turudi kwa mpiga gitaa, maana yeye ndiye mwenye shida ya pekee katika fujo hii. Mwimbaji akiteleza anaweza kuigeuza kuwa igizo. Anayecheza jitu la kuchinjwa akikosea hatua hakuna atakayejua. Mpiga solo hana pa kujificha: nyuzi zimelowa, shingo ya gitaa inateleza, kichwa kimefunikwa, na noti lazima ziangukie mahali pake. Kwa sababu ya kazi yangu nina tabia ya kupunguza mwendo wa picha, na nikimpunguza Flattus naona kitu kimoja wazi. Mwili wote ni wa bandia isipokuwa vidole. Vidole lazima viachwe, vinginevyo hakuna muziki. Ukivitazama hivyo tu, ukafunika kioo kilichobaki kwa kiganja, unamwona fundi aliyetulia kabisa, anayebonyeza kwa ncha, asiyepoteza mwendo wowote, huku juu yake dinosaria wawili wanatikisika.

Vidole hivyo, kwenye video ninazozipenda, ni vya Cory Smoot.

Kabla yake walipita wengine. Dewey Rowell alikuwa Flattus wakati bendi inatoka na albamu yake ya pili mwaka 1990, ile iliyowatambulisha kwa ulimwengu. Akafuata Pete Lee, aliyewahi kupigwa risasi kwenye jaribio la kuporwa gari, akapona na kurudi kwenye dubwana. Akaja Zach Blair kutoka Texas, ambaye baadaye alivua kila kitu na kujiunga na Rise Against, bendi ya watu wanaopiga kwa nyuso zao. Katika kipindi chote hicho utaratibu ulikuwa mwepesi: Flattus ni kiti, wewe unakikalia. Hakuna aliyelia Blair alipoondoka, kwa kuwa mhusika alikuwa bado yupo.

Smoot alikuwa kijana wa Richmond hapohapo, na alipolivaa dubwana mwaka 2002 bendi ilikuwa inatafuta njia. Miaka ya 1990 walizurura kila mahali, vichekesho vingi, mitindo mingi, nyimbo nyingine utadhani za kabarei. Watu walikuja kwa ajili ya damu. Smoot aliwapa sababu ya kununua rekodi. Gitaa lake lilikuwa metali ya kweli, zito chini na kali juu, na solo zake zilikuwa na sentensi: zina mwanzo, zina pumzi, zinajua zinakwenda wapi. Tena alikuwa mtu wa studio. Albamu ya mwaka 2009, waliyoitoa wakitimiza miaka 25, na ile ya 2010 iliyofuata, zote alizizalisha yeye. Tafuta rekodi za miaka hiyo na uzisikilize bila picha. Zinasimama. Kwa bendi iliyoanza kama utani wa maleba, hilo si jambo dogo.

Hapo ndipo kitu kilibadilika, na nadhani hata wao wenyewe hawakukiona kikibadilika. Dubwana lilianza kuwa na sauti. Flattus wa zamani ulimtambua kwa mabega, huyu ukamtambua hata umefumba macho.

Tarehe 3 Novemba 2011 bendi ilikuwa safarini na basi, ikijiandaa kuvuka mpaka kuingia Kanada. Smoot alikutwa amefariki ndani ya basi. Alikuwa na miaka 34. Uchunguzi ulionyesha ni damu iliyoganda kwenye mshipa wa moyo, mishipa ambayo tayari ilikuwa na ugonjwa.

Sasa fikiria mkutano wa wenzake. Vazi lipo. Utaratibu upo, wa miaka zaidi ya ishirini: mtu akiondoka, anayefuata anavaa. Ziara imeshauzwa, wapiga gitaa wazuri Marekani wamejaa, na nusu ya ukumbi isingegundua. Kwa hesabu za biashara lilikuwa jambo la wiki moja.

Walikataa. Waliimalizia ziara na gitaa moja, la Balsac, na wakatangaza kwamba Flattus Maximus amestaafu, amerudi kwao kwenye sayari yake, na hatavaliwa tena na mtu yeyote. Mtu alikufa, na dubwana likafuata.

Nimekuwa nikilitafakari uamuzi huo kwa kuulinganisha na walivyofanya wengine, hasa KISS, bendi ya roki ya Marekani iliyopiga ikiwa imepaka nyuso rangi, kwa sababu wao ndio baba wa biashara hii. Ace Frehley alikuwa mpiga gitaa wao wa kwanza, yule wa rangi ya fedha machoni, mtu wa anga za juu, sura aliyoibuni mwenyewe. Alipoondoka mwaka 1982 walimleta Vinnie Vincent na kumchorea uso mwingine, wake peke yake. Nidhamu bado ilikuwapo. Lakini Frehley aliporudi kisha akaondoka tena mwaka 2002, uso wake ulibaki ofisini. Akapakwa Tommy Thayer, rangi ileile, mistari ileile, na baadhi ya solo ni zile alizozitunga Frehley, noti kwa noti. Thayer ni mpiga gitaa mzuri na sina ugomvi naye, alipewa kazi akaifanya. Frehley alilalamika hadharani mara nyingi, na mashabiki wakagawanyika vipande viwili ambavyo havijaungana mpaka leo. Desemba 2, 2023, KISS walipiga onyesho lao la mwisho pale Madison Square Garden, New York, na taa zilipozimwa zikatokea picha za kompyuta za sura zilezile nne, zikatangaza kwamba zitaendelea. Frehley alifariki Oktoba 2025. Uso wake bado uko kazini.

Wakubwa wa KISS wana hoja. Mhusika anaweza kuwa kama joho la hakimu, anayelivaa anabadilika na hukumu inaendelea. Watoto waliozaliwa jana nao wana haki ya kumwona mtu wa anga za juu. Hata GWAR waliishi kwa hoja hiyohiyo kwa miaka yote ya Rowell, Lee na Blair. Hoja ile huvunjika pale tu dubwana linapokuwa limeshaumbwa upya na mtu mmoja kiasi kwamba ukimweka mwingine ndani, unakuwa unamwomba aigize marehemu. Kuigiza jitu la kubuni ni kazi ya sanaa. Kumwigiza maiti mbele ya marafiki zake kila usiku, sijui uite nini.

Slipknot, wale wa Iowa wenye vinyago, walipofiwa na mpiga besi wao Paul Gray mwezi Mei 2010, walipanda jukwaani mwaka uliofuata na kuitundika ovaroli yake na kinyago chake mahali alipozoea kusimama. Baadaye walipoleta mpiga besi mpya walimpa kinyago kingine na hawakusema ni nani. Siri haikudumu. Video ilipotoka, mashabiki walisimamisha picha, wakaona tatuu mkononi mwake, wakamtaja jina. Mkono tena. Hawa watu hufunika kila kitu isipokuwa kile kinachofanya kazi.

GWAR walirudi kuwa na magitaa mawili mwaka 2012, na jinsi walivyorudi ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Hawakuficha pengo na hawakulijaza kimya kimya. Waliingiza msiba kwenye hadithi. Flattus ni wa ukoo wa Maximus, kwa hiyo kutoka kwenye ukoo huo atapatikana ndugu. Akatokea Pustulus Maximus, kinyago kipya, mwili mpya, majipu badala ya ushuzi, na ndani yake Brent Purgason, naye mtu wa Richmond. Albamu iliyofuata, ya mwaka 2013, iliitwa Battle Maximus na ikatolewa kwa kumbukumbu ya Smoot. Msomaji wa huku hahitaji kuelezwa sana hapo. Ndugu wa marehemu anakuja kukaa msibani, anashika majukumu, anakula kwenye sahani za nyumba ile, na hakuna anayemwita kwa jina la marehemu.

Utaratibu huo haukukaa muda mrefu kabla haujaombwa tena. Tarehe 23 Machi 2014 Dave Brockie mwenyewe alikutwa amefariki nyumbani kwake Richmond, akiwa na miaka 50. Yeye hakuwahi kupokezana na mtu, Oderus alikuwa yeye tangu utotoni mwa bendi. Ni yeye aliyekamatwa na polisi huko Charlotte, North Carolina, mwaka 1990, kwa madai ya uchafu jukwaani, na polisi wakaondoka na kipande cha vazi lake kama kidhibiti. Agosti ya mwaka ule wa msiba, mbele ya mashabiki waliokusanyika kwenye tamasha la bendi, vazi la Oderus lilisukumwa ziwani na kuchomwa moto kwa mtindo wa mazishi ya Waviking. Aliyechukua kipaza sauti alikuwa Michael Bishop, Beefcake wa kwanzakwanza, ambaye katikati alikuwa amekwenda kusoma hadi kupata udaktari wa falsafa katika muziki. Hakuvaa Oderus. Alikuja na dubwana lake, Blöthar. Bila Flattus kustaafishwa miaka mitatu kabla, sina hakika wangekuwa na njia ya kulifanya hilo bila kugombana.

Pustulus naye ameshaondoka, safari hii kwa heri tu, na nafasi imekwenda kwa Grodius Maximus. Ukoo unaendelea. Balsac, yaani Mike Derks, bado yupo na mtego wake wa chuma tangu mwaka 1988, na amewaona wote hao wakija na kuondoka upande wa pili wa jukwaa.

Ukitaka kumsikia Smoot bila dubwana, kuna albamu aliyokuwa akiitengeneza kwa jina lake mwenyewe, ikatoka mwaka 2012 baada ya kifo chake: The Cory Smoot Experiment, When Worlds Collide. Humo anaimba. Sauti yake si kubwa wala si ya kujivunia, na katika nyimbo nyingine inaonekana kabisa kwamba anaimba ili wimbo upate maneno tu, huku akisubiri zamu ya gitaa. Ikifika zamu hiyo, ongeza sauti.